Kwa nini treila inashika breki nikiwasha indiketa?

"Shikamoo fundi. Nipo Texas, nanunua magari mabovu mnadani nayavuta mwenyewe kwa pikapu ya 2008. Nimepata treila ya futi 18, ekseli mbili, uzito wa mwisho paundi 7,000, breki zake ni za umeme magurudumu yote manne. Pikapu haikuwa na kontrola ya breki, nikanunua ile ya bei rahisi na binamu yangu akanifungia. Waya mweusi kautoa kwenye soketi ya sigara, mweupe kaufunga kwenye skrubu ya dashibodi, mwekundu kaunga kwenye waya wa taa ya nyuma kushoto, wa bluu kaupeleka kwenye soketi ya pini 7 kwa waya mwembamba aliokuwa nao. Treila ikiwa tupu inasimama, ila nikiwasha indiketa ya kushoto inajikwaajikwaa, na juzi nikiwa na gari juu nimekanyaga breki kwa nguvu fyuzi ikaungua, treila ikanisukuma mpaka katikati ya makutano. Binamu anasema kontrola tuitupe, ule wa bluu tuufunge moja kwa moja kwenye waya wa taa za breki, si mwisho wa siku ni breki tu? Na mimi nilishawahi kukodi treila ya kubebea gari, haikuwa na kontrola yoyote na ilisimama vizuri. Nina safari wiki ijayo. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hilo la makutano, nashukuru uko mzima na unauliza. Nianze na safari ya wiki ijayo: usipakie gari kwenye hiyo treila mpaka waya zirekebishwe. Tupu unaweza kuivuta taratibu mpaka kwa fundi, lakini mzigo hapana. Treila yako ikijaa ni paundi 7,000 na Texas inataka breki kwenye treila ikishapita paundi 4,500, majimbo mengi wanaanza 3,000, kwa hiyo hata kisheria huna pa kujificha. Ila sheria sio hoja yangu kubwa, hoja yangu ni kwamba pikapu yako breki zake zilipigiwa hesabu ya kusimamisha pikapu, hazikupigiwa hesabu ya tani tatu na kitu za ziada zinazokusukuma mgongoni.

Sasa hiyo treila ya kukodi. Hapo umechanganya vitu viwili na wala sio kosa lako, wengi wanachanganya. Treila nyingi za kukodi za kubebea magari zina breki za msukumo. Kichwani pale inaposhikana na boli, lile tufe la chuma la kuvutia nyuma ya gari, kuna silinda ya mafuta, wewe ukipunguza mwendo treila inaegemea gari kwa mbele, ule uzito wake wenyewe unabana silinda na mafuta yanakwenda kwenye magurudumu. Haihitaji umeme wa breki ndo maana hukuona kontrola, kile kifaa cha kupima umeme unaokwenda kwenye breki za treila. Yako haina hiyo silinda. Yako bila umeme ni toroli tu, haina breki hata kidogo, na hicho ndicho kilichokutokea fyuzi ilipoungua.

Nikueleze inavyofanya kazi ndani maana ukishaielewa hutahitaji kukariri rangi za waya. Kila gurudumu lina dramu, ndani ya dramu kuna breki shuu mbili kama gari za zamani, lakini badala ya silinda ya mafuta ya kuzisukuma kuna mkono wa chuma na mwisho wa huo mkono kuna sumaku ya umeme, duara au yai hivi, inagusa ukuta wa ndani wa dramu. Haina umeme, inateleza tu. Ukiipa umeme inang'ang'ania dramu, na kwa kuwa dramu inazunguka inaikokota sumaku, sumaku inavuta mkono, mkono unatanua shuu zinabana. Yaani nguvu ya kusimamisha inatoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe, umeme kazi yake ni kuamua sumaku ing'ang'anie kiasi gani. Umeme kidogo, breki kidogo. Umeme wote, gurudumu linafunga kabisa.

Hapo ndo jibu la binamu lilipo. Taa ya breki haina kidogo wala kingi, ama inawaka ama imezima. Ukifunga waya wa bluu kwenye taa, kila unapogusa pedali hata kwa kidole, kwenye foleni, kwenye mvua, treila itapokea umeme wote wa betri na magurudumu manne yatafunga. Na barabara ikiwa imelowa, treila iliyofunga magurudumu haikufuati tena, inaanza kuja ubavuni kwako. Zaidi ya hapo, sumaku moja ya breki za inchi 10 kama zako ina ohm 3.2 hivi, inakula ampia 3 na kitu, nne ni 12 kwenda juu. Njia ya taa za breki ilitengenezwa kuwasha taa, ukiibebesha 12 za ziada fyuzi itakwenda, na safari hii itakwenda na taa za breki za pikapu pia, wa nyuma yako hatajua kama unasimama. Kwa hiyo hilo wazo naomba mlizike leo. Binamu nia yake nzuri, mwambie nimesema hivyo, lakini hapana.

Turudi kwenye kontrola yenyewe. Ina waya nne na kila mmoja una kazi yake, na shida zako zote mbili zimetokana na kutotofautisha waya wa habari na waya wa kazi. Mwekundu unaleta habari tu: "dereva amekanyaga breki". Haubebi mzigo. Mweusi ndo unaleta nguvu, zile ampia zote zinazokwenda kwenye sumaku zinapitia humo. Mweupe ni ethi ya kurudishia. Wa bluu unatoa umeme uliopimwa kwenda kwenye treila.

Kujikwaa kwenye indiketa ni kwa sababu ya mwekundu. Pikapu nyingi za Marekani taa ya nyuma ile nyekundu moja inafanya kazi mbili, breki na indiketa, waya ni huohuo. Binamu kachukua habari kwenye waya wa taa ya kushoto, kwa hiyo ukiwasha indiketa kontrola inasikia "breki, acha, breki, acha" na inatii. Haijaharibika, inafanya ilichoambiwa. Habari inatakiwa ichukuliwe kwenye swichi ya breki pale juu ya pedali, kabla umeme haujafika kwenye mambo ya indiketa. Pale shika testa: kuna waya una umeme muda wote, huo sio, unatafuta ule ambao umekufa ukiacha pedali na unapata volti 12 ukikanyaga. Ukishaupata usiunge kwanza. Acha pedali, washa indiketa ya kushoto, ya kulia, halafu hazadi, testa ikae kimya mara zote tatu. Ikikaa kimya ndo wenyewe.

Fyuzi kuungua ni mweusi. Soketi ya sigara ina fyuzi yake na mara nyingi inagawana na vitu vingine, chaja ya simu na kadhalika, waya wake ni wa kutosha chaja sio sumaku nne. Treila tupu hukuwa unaitumia sana kwa hiyo ikavumilia, siku ulipokanyaga kweli kontrola ikaitisha ampia zote na fyuzi ikakata, yaani breki zilikatika sekunde ileile uliyozihitaji. Mweusi unatakiwa utoke betri moja kwa moja, upite kwenye ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na chumba cha dereva, kwa tundu lenye mpira, na karibu na betri uweke sakiti breka ya ampia 20 ya aina inayojirudisha yenyewe. Usiweke fyuzi hapo. Fyuzi ikikata imekata mpaka usimame ubadilishe, sakiti breka ikipata moto inakata, ikipoa inarudi, na wewe uko barabarani bado unahitaji hizo breki. Ampia 20 ni kwa treila ya ekseli moja au mbili, za ekseli tatu wanaweka 30, angalia na karatasi ya kontrola yako inasemaje.

Mweupe nao usiuache kwenye skrubu ya dashibodi. Skrubu nyingi za pale zimeshika plastiki au chuma kilichopakwa rangi, leo inashika kesho haishiki. Peleka kwenye hasi ya betri kabisa.

Na unene wa waya, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza breki bila kujua. Kwa vipimo vya Marekani namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Huo mwembamba wa binamu nadhani ni namba 16. Kutoka kwenye kontrola mpaka ekseli ya nyuma ya treila ni kama mita 12, namba 16 kwa urefu huo ina ohm 0.16 hivi, ukipitisha ampia 12 unapoteza karibu volti 2 kwenda, na kama ethi ya kurudi nayo ni nyembamba hivyohivyo unapoteza nyingine 2. Yaani betri inatoa 13 na kitu, sumaku zinaona 9 na kitu. Breki zitakuwa dhaifu, utaongeza nguvu kwenye kontrola mpaka mwisho, bado dhaifu, utaanza kulaumu kontrola. Namba 12 kwa urefu uleule inapoteza kama volti 0.75 tu kila upande. Weka namba 12 au namba 10 mpaka nyuma na usiunganishe vipande vipande. Mimi mwenyewe nilishawahi kuhangaika siku nzima na treila ambayo breki zinakuja na kupotea kila ikipita kwenye bonde, kumbe ethi ilikuwa inapitia kwenye boli ya kuvutia, ile ikiruka kidogo tu umeme umekatika. Ethi ipite kwenye pini yake kwenye soketi, boli ni ya kuvutia tu.

Kwenye hiyo soketi ya pini 7 pia usiamini rangi. Kuna mpangilio wa rangi wa treila za kambi na mwingine wa magari, kijani kwa mmoja ni taa za usiku kwa mwingine ni indiketa ya kulia. Fungua kifuniko, kila pini huwa imeandikwa, na hakikisha kwa testa.

Kabla hamjakata chochote lakini, ingia chini ya dashibodi na tochi. Pikapu nyingi za Ford, GM na Ram zilizotoka kiwandani na vifaa vya kuvutia zina soketi imekaa pale tayari kwa ajili ya kontrola, waya nne zote zimeshapigwa mpaka betri na mpaka nyuma, unanunua kiunganishi cha gari yako unachomeka basi. Wakati mwingine inakosa fyuzi au rilei moja tu kwenye boksi la chini ya boneti, kiwanda hakikuweka kwa kuwa mnunuzi hakuomba. Kama yako inayo, kazi ya siku nzima inakuwa ya nusu saa, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Kuhusu aina ya kontrola. Hiyo ya bei rahisi itakuwa ile inayofuata muda, ikipata habari ya breki inapandisha umeme taratibu mpaka kiwango ulichoweka, haijali kama unasimama kwa dharura au unagusa tu. Kwa treila ndogo inayotembea karibu inatosha. Wewe unabeba magari, leo tupu kesho paundi 7,000, ningekushauri ile ya uwiano, ndani yake ina kihisio kinachopima pikapu inavyopunguza mwendo na kutoa umeme kwa kadiri hiyo, ukisimama polepole treila nayo polepole, ukikanyaga kwa nguvu nayo inashika kwa nguvu. Ni ghali zaidi na lazima ikae imeelekea mbele sawa na gari, ndani ya pembe wanayoruhusu kwenye maelekezo yake, ukiifunga kiubavu inapima upuuzi. Kuna na zile kama Curt Echo, unachomeka nyuma kati ya soketi na treila halafu unaiongoza kwa simu, hamna kukata waya kabisa. Ni nzuri kwa mtu anayebadilisha magari, ila inategemea soketi yako ya nyuma iwe na umeme wa betri ulio imara, kwa hiyo waya mbovu bado itakuwa waya mbovu, na mimi binafsi napenda kuwa na kile kiwiko cha kontrola, kijiti cha kusukuma kwa mkono kubana breki za treila peke yake, pale karibu na goti langu.

Maana kile kiwiko kina kazi kubwa. Treila ikianza kuyumba mkia kwa nyuma, kukanyaga breki ya pikapu kunaongeza ubaya. Unaachia mafuta taratibu, unasukuma kiwiko breki za treila peke yake zinashika, inanyooka. Ujizoeze mkono ukifike bila kutazama.

Ukishafunga, tafuta eneo tupu, tambarare na kavu, nenda maili 25 kwa saa, sukuma kiwiko mpaka mwisho. Magurudumu ya treila yakifunga punguza nguvu kidogo, yasipofanya kitu ongeza, unatafuta pale karibu kabisa na kufunga lakini hayafungi. Na ukipakia gari rudia, ukishusha rudia tena, kipimo cha treila tupu sio cha treila iliyojaa. Kama shuu ni mpya zinahitaji kusuguana kwanza na dramu, watengenezaji wanasema mara 20 mpaka 30 kutoka maili 40 kushuka 20 kwa breki za treila, na katikati uziache zipoe.

Kama baada ya yote hayo bado ni dhaifu usikimbilie kulaumu umeme. Shuu zinatakiwa kukazwa kwa mkono, kwa nyuma ya dramu kuna tundu na ndani gurudumu dogo la meno, unazungusha mpaka tairi inakuwa nzito kisha unarudisha meno kama 10. Treila iliyokaa uani kwa mtu mara nyingi haijaguswa miaka. Angalia na grisi, aliyepita akijaza grisi kwenye beringi kupita kiasi inavuka sili na kulowesha shuu, na shuu iliyolowa grisi haisafishwi, inabadilishwa. Na ile waya inayopita ndani ya bomba la ekseli kutoka upande mmoja kwenda mwingine, inasuguana na chuma mpaka inachubuka, ukiona sakiti breka inakata kila mara anza kutafuta pale.

Kitu hujakiuliza lakini lazima nikitaje, betri ndogo iliyoko kwenye treila na ile pini yenye kamba. Treila ikichomoka kwenye pikapu kamba inavuta pini na hiyo betri inabana breki yenyewe. Sheria ya shirikisho kwa magari ya biashara inataka zikae zimebana angalau dakika 15. Kamba ifunge kwenye chasi ya pikapu, isifungwe kwenye chuma cha boli wala kwenye minyororo, kwa sababu hicho chuma kikichomoka na kamba inaondoka nacho bila kuvuta pini. Unapoijaribu chomoa kwanza plagi ya treila kwenye pikapu, la sivyo umeme unarudi nyuma na unaweza kuunguza kontrola yako mpya. Halafu nimesema biashara: pikapu yako na hiyo treila uzito wa mwisho ukijumlisha unaweza kufika paundi 10,001 au zaidi, na ukivuka jimbo kibiashara hapo unaingia kwenye kanuni za namba ya USDOT, ile ya usajili ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani. Hilo liulizie mapema.

Sasa lini uache mwenyewe umpe fundi. Kama pale kwenye swichi ya pedali hukuti volti 12 safi, unakuta volti chache za ajabuajabu au waya zote zinaingia kwenye kompyuta, acha, usiunge chochote, gari za namna hiyo zinasoma swichi kwa kompyuta na unaweza kuamsha taa ya ABS au kupoteza taa za breki. Waya zenye koti la njano karibu na usukani ni za mifuko ya hewa, usizipime kwa testa ya taa wala usizisogeze. Na kama hujawahi kufungua dramu, mlipe mtu wa treila akague zote nne mara moja huku umesimama unatazama, mara ya pili utafanya mwenyewe.

Mkishamaliza, pikapu ikiwa inaunguruma na kontrola imewekwa nguvu zote, mmoja asukume kiwiko mpaka mwisho mwingine apime volti kwenye waya mbili za sumaku ya gurudumu la nyuma kabisa, sio kwenye soketi. Mimi nikiona chini ya 10.5 sipakii mzigo, natafuta zinapopotelea. Niandikie umepata ngapi kwenye kila gurudumu, na kama uliikuta ile soketi chini ya dashibodi.